Mgeni hafuati bure, anakimbia kupigwa: niliyoyaona kwenye tua za miguu zinazobukiwa mtandaoni

Siku niliyoielewa hii biashara ya tua, yani kutembeza watalii mjini kwa miguu, nilikuwa nimesimama kwenye kona na mwavuli wangu wa njano, jua linawaka wala hakuna dalili ya mvua, mwavuli ule ni alama tu ili mtu akiwa mbali ajue hapo ndo pa kukutania. Pembeni nimeegesha kibao kimeandikwa "tua ya bure ya kutembea kwa miguu" kwa lugha nne. Akaja dada mmoja na kibegi mgongoni, akanipita. Hatua kama tano mbele akasimama, akatoa simu, akaiangalia, akageuka akanitazama usoni, akarudi kwenye simu, akaivuta ile picha kwa vidole iwe kubwa, akanitazama tena. Ndo akasogea akauliza, ni wewe? Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akasema samahani, ilibidi nihakikishe kwanza.

Sasa fikiria. Mimi mzima mzima, nipo hai, natabasamu, mwavuli mkononi, kibao pembeni, sikuaminika. Picha yangu ya ukubwa wa ukucha kwenye simu yake ndo iliyoaminika, alafu hiyo picha ikanidhamini mimi mwenyewe. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima linanizunguka kichwani maana mpaka siku hiyo nilikuwa naamini watu wanakuja kwangu kwa sababu ya neno moja tu kwenye kile kibao, neno bure.

Kabla sijaendelea, kuna wanaoniuliza kwa nini najiita muongozaji na sio ile ya kizungu, guide. Jaribu kuiandika ile ya kizungu kwa tahajia ya Kiswahili uone unapata neno gani. Ehee. Mimi nabaki na muongozaji, sitaki polisi.

Haya. Wasemao kwamba watalii wanachagua tua za bure kwa sababu ni wabahili hawajawahi kutembea nao hata siku moja. Nimetembeza watu ambao viatu vyao tu ni vya pesa ndefu, wamefikia hoteli kubwa, wana pesa ya kukodi muongozaji binafsi na gari na dereva, lakini wamekuja kwenye mwavuli wangu pamoja na vijana wa hosteli wanaolala kumi chumba kimoja. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwa nini (na mimi nauliza, nina ugonjwa wa kuuliza) hajibu "kwa sababu ni bure". Anajibu vitu vingine kabisa, na ukivikusanya majibu ya miaka unaona karibu yote yanazunguka sehemu moja, kwamba mtu akiwa ugenini anachokiogopa kuliko vyote ni kupigwa. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kulipa mbele alafu anakuta muongozaji anasoma karatasi kwa sauti ya usingizi, kundi lina watu hamsini, nusu ya muda wanapelekwa kwenye duka la binamu yake muongozaji. Pesa imeshaenda, na yeye kesho kutwa anapanda ndege, atamdai nani?

Tua ya bure imeligeuza gunia. Mbuzi anatolewa kwanza, unamtembeza masaa mawili na nusu, unamwangalia meno, alafu mwisho kabisa ndo unasema huyu mbuzi kwangu mimi thamani yake ni hii, unatoa pesa hiyo. Ile hatari aliyokuwa anaibeba mgeni sasa naibeba mimi. Ndo maana tajiri naye anakuja. Anachokipenda ni kwamba maamuzi yanabaki mkononi mwake mpaka dakika ya mwisho, na hakuna mtu asiyependa hivo, awe na pesa awe hana.

Hii kitu haikuanzia kwenye simu. Mtindo wenyewe kama tunavyoujua leo ulishika kasi Berlin, Ujerumani, mwaka 2003, kampuni inayoitwa Sandemans New Europe ilipoanza kutembeza watu kwa mtindo huo wa kutolipa mbele, na Marekani wakaja Free Tours by Foot mwaka 2007 na mtindo wao wa lipa unavyoona wewe. Enzi hizo jukwaa, yani mahali mtu anapoipata tua na kuweka nafasi, lilikuwa mtu wa mapokezi hosteli. Kulikuwa na vipeperushi kwenye kaunta, na kijana wa mapokezi anakwambia kesho saa nne kuna tua, kusanyikeni hapa chini, basi mnakusanyika. Kwa hiyo anayejua habari ni anayelala hosteli, yule wa hoteli kubwa hajui kitu maana kule mapokezi wanauza tua zao wenyewe za kulipia.

Majukwaa ya kubuku, kama GuruWalk lililoanzia Valencia, Hispania, mwaka 2017, yakamvua yule kijana wa mapokezi kazi yake yakaiweka kwenye simu ya kila mtu. Na kuna kitu kingine watu hawakiunganishi na hii biashara lakini mimi nakiunganisha, mwezi Juni mwaka huohuo 2017 nchi za Umoja wa Ulaya zikafuta makato ya ziada ya kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine ya Umoja, yani Mjerumani akiwa Ureno anatumia bando lake kama yuko nyumbani. Zamani ilikuwa mtu akivuka mpaka anazima data anaogopa bili, anatembea na ramani ya karatasi. Siku hizi mtu anashuka kwenye treni, hajafika hata kwenye chumba, ameshabuku tua ya kesho asubuhi akiwa kwenye ngazi.

Nikirudi kwenye majibu ya wageni, jibu ambalo nalisikia mara nyingi kuliko yote, na ambalo mwanzoni nililidharau, ni la kadi. Wanasema hivi, "sikuombwa namba ya kadi". Basi. Jina, barua pepe, mko wangapi, umemaliza. Kama hujawahi kuibiwa pesa kwenye kadi ukiwa safarini huwezi kuelewa mtu anavyoshusha pumzi akiona hakuna kisanduku cha kujaza zile tarakimu 16. Alafu kubuku kwenyewe hakumfungi. Akiamka kichwa kinamuuma anagusa kitufe cha kukanseli anarudi kulala, hakuna mtu wa kumpigia simu kumwomba msamaha, hakuna asilimia inayokatwa. Kwake yeye ni raha. Kwangu mimi nisemeje... nitafika huko.

La pili ni rivyuu, yani yale maoni na nyota ambazo wageni wanaacha mtandaoni baada ya tua, na hapa nataka nikae kidogo maana wenzangu wengi tunaotembeza watu tunazielewa kichwa chini miguu juu.

Sisi tunahesabu nyota. Tukikutana wenyewe kwa wenyewe ni "una ngapi wewe", "nimeshuka pointi". Mgeni naye anaangalia nyota, ndio, ila akishaona ni nyingi za kutosha haangalii tena, anateremka chini kutafuta yule aliyekasirika. Kuna mama mmoja mtu mzima aliwahi kunionesha kwenye simu yake, tumekaa kwenye kivuli tunasubiri wengine waje. Alikuwa amepanga rivyuu zangu kuanzia mbaya kabisa. Ya kwanza juu ilikuwa ya nyota moja, jamaa kaandika kwamba huyu muongozaji anaongea mno kuhusu majengo na watu waliokufa zamani, hakutuonesha hata baa moja. Mimi ile rivyuu ilininyima usingizi kwelikweli, nilitaka hata kuliandikia jukwaa waifute. Mama akaniambia, "Hii ndiyo iliyonileta. Mimi nataka majengo na watu waliokufa zamani, baa sina shida nazo."

Tangu siku hiyo siombi kitu kifutwe. Nilichofanya ni kujibu, mistari miwili, nikamwambia yule jamaa samahani kwamba hukupata ulichokifuata, tua yangu kweli ni ya historia na majengo, za baa za usiku zipo wanazifanya wenzangu ni wazuri sana. Jibu hilo sikumwandikia yeye, yeye alishaondoka zake zamani, nilimwandikia mama kama yule atakayekuja kulisoma. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kama unaanza hii kazi ndo huo, rivyuu mbaya iache ikae, ijibu kwa adabu, na kwenye jibu lako mtu apate kujua wewe ni wa namna gani. Profaili yenye nyota tano tupu, sentensi fupifupi zote "mzuri sana", "safi sana", watu wanaitilia shaka, wanahisi umewaandikisha ndugu zako.

Na kitu kingine hapohapo kwenye rivyuu, wageni wanatafuta jina. Sio jina la kampuni, jina la mtu. "Kama utamkuta fulani, nenda na fulani." Kwenye tua ya kulipia ya kampuni kubwa mara nyingi hujui atakayekuja asubuhi ni nani. Kwenye haya majukwaa unaona uso, unaona anaongea lugha gani, amefanya kazi muda gani, unamchagua mtu kama unavyochagua kinyozi. Ukiwa unapokezana na wenzako kwenye akaunti moja usiweke picha yako wewe alafu ukamtuma mwenzako bila taarifa, nimewahi kufanya hivo, mwenzangu alifanya kazi nzuri kabisa lakini rivyuu mbili zilizokuja zote zinalalamika "sio yule wa kwenye picha". Andika tu meseji siku moja kabla, kesho atakuwepo mwenzangu, anavaa kofia nyekundu. Wanaelewa.

La tatu linahusu siku. Hawa wageni hawabuku tua ya bure siku ya mwisho, wanabuku siku ya kwanza au ya pili, asubuhi. Nilikuwa najua hili kwa kuliona tu ila sikuwa nimelifikiria mpaka kijana mmoja aliponiambia kwamba yeye anaichukulia tua kama vile mtu anavyofungua kitabu kwenye ukurasa wa yaliyomo. Hataki kuona vyote. Anataka kujua mji umekaaje, mtaa huu unatokea wapi, wapi arudi peke yake baadaye akae siku nzima na wapi asipoteze muda. Na maswali wanayouliza tukiwa tunatembea kutoka kituo kimoja kwenda kingine, yani sio yale ya mbele ya kundi, yale ya pembeni, hayana historia hata kidogo. Laini ya simu nanunua wapi. Usiku nikirudi peke yangu njia gani. Ile tiketi ya basi inagongwa wapi. Hivi wale wanaonifuata wakinigawia maua ni wezi au.

Nilikuwa naona haya maswali ni usumbufu yananiharibia mtiririko wa simulizi. Siku hizi natembea taratibu makusudi kati ya kituo na kituo ili wapate muda wa kuuliza, maana nimegundua hapo ndo ninapolipwa. Masimulizi ya mfalme fulani na mnara wake wanaweza kuyasoma popote. Ya mnara watasahau kabla ya jioni, ila yule dada niliyemwambia ashuke kituo kimoja kabla kwa sababu kile kingine usiku kina giza, huyo alinitafuta siku tatu baadaye kwa meseji kunishukuru.

Alafu kuna upweke, na hili wageni hawalisemi wazi, unalisoma tu. Watu wengi sana siku hizi wanasafiri peke yao. Mtu amekaa siku mbili hajaongea na binadamu zaidi ya kusema asante kwenye kaunta. Anaona kwenye simu kundi la watu kama kumi na tano wanatembea pamoja kesho asubuhi, hakuna pesa ya mbele, akikuta hawapendezi anaweza kuchepuka. Anakuja. Mwanzo kila mtu amejitenga na simu yake, mimi nawauliza mmoja mmoja ametoka wapi na kalala wapi (usiwaache wajitambulishe kwa zamu kama darasani, wanaona aibu, wewe uliza huku mnatembea), na ukifika kituo cha tatu unaona wawili wameanza kubaki nyuma wanaongea yao. Mwisho wa tua kundi likitawanyika, wale wawili utawaona wanaondokea upande mmoja. Nimehudhuria kwa macho yangu mwanzo wa urafiki mwingi tu kwa namna hiyo, na nina uhakika kwa baadhi yao mimi na historia yangu tulikuwa ni muziki wa nyuma tu.

Mengine nayapitia haraka. Lugha, kwenye jukwaa anachagua ya Kihispania au Kijerumani au Kiingereza kabla hajatoka chumbani, hapotezi muda. Pini ya ramani, anajua asimame wapi mpaka upande wa barabara. Meseji ya kumkumbusha. Nafasi zilizobaki. Hivi ni vidogo lakini kimoja kikikosekana mtu anaruka kwa mwingine, maana mwingine yuko chini yake tu kidole kimoja.

Sasa pesa, maana najua wengine wamesoma mpaka hapa wakisubiria hii.

Bure sio bure na kila mtu mzima anajua. Mgeni anatoa tipu, yani bakshishi, mwishoni kwa kadri alivyoona. Asichokijua mgeni wengi wao ni kwamba majukwaa mengi ya hizi tua hayamkati yeye, yanatukata sisi, na makato ni ya kichwa. Yani kila mtu aliyekuja kupitia kwao nawalipa kiasi fulani, awe amenipa tipu nono, awe ameniachia sarafu mbili, awe ameingia mitini kituo kimoja kabla ya mwisho (wapo, na wana staili zao, kuna mmoja alifunga kamba za viatu kwa muda mrefu mpaka kundi likakata kona, tulipogeuka hayupo). Kwa hiyo kuna siku unatembea masaa mawili na nusu alafu ukipiga hesabu unakuta umelilipa jukwaa ili upate ruhusa ya kuchoka.

Kosa langu kubwa lilitokea hapo. Jukwaa moja nililokuwa natumia, silitaji, lilikuwa linataka baada ya tua uingie uweke mahudhurio, nani alikuja nani hakuja, usipoweka ndani ya muda wao basi mfumo unahesabu wote waliobuku walikuja. Siku hiyo walibuku 19. Mvua ikanyesha asubuhi, safari hii mwavuli ukafanya kazi yake halisi, wakatokea 4. Nikawatembeza hao wanne nimelowa mpaka soksi, nikarudi nyumbani nikajitupa kitandani, nikalala. Asubuhi nakuta nimeshahesabiwa vichwa 19. Nikaandika barua, nikatuma picha ya kundi la watu wanne wamelowa, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba muda umepita. Nililipia komisheni ya watu 15 ambao walikuwa wamejifunika shuka. Tangu hapo mahudhurio naweka nikiwa bado nimesimama pale tulipoagania, hata kama mtu ananisubiri tupige picha, namwambia dakika moja.

Na hili la kutotokea, msikasirike nao sana. Kile kitufe cha kukanseli kirahisi kilichomleta ndicho hichohicho kinachomfanya asije, huwezi kukipenda upande mmoja tu. Kilichonisaidia mimi ni meseji ya jioni, fupi, kutoka kwangu sio ile ya mashine, "kesho nitakuwa na mwavuli wa njano, mkiwa hamji niambieni tu nimpe mtu mwingine nafasi". Wanaoghairi wanaghairi jioni hiyohiyo na nafasi zinajazwa. Mtu anaona vibaya kumkimbia mtu, ila kuikimbia programu haoni shida yoyote.

Kuhusu kuomba tipu, nilipitia ujinga wa kila aina. Kuna kipindi nilikuwa namaliza tua kwa hotuba ya huruma, kodi ya nyumba, makato ya jukwaa, watoto, mpaka sauti inatetemeka kidogo. Pesa iliongezeka wiki mbili tatu. Alafu rivyuu zikaanza kuingia, "ziara nzuri ila mwisho ulitukera". Mmoja aliandika alijisikia ametekwa. Na alikuwa sahihi, maana kitu alichokikimbia mpaka akaja kwangu, ile hofu ya kubanwa pesa ugenini, nilikuwa nimemwekea mwishoni mwa njia anisubirie. Kuna kaka mmoja mkubwa kwenye hii kazi, alinizidi miaka mingi, ndo aliyenikalisha chini. Akaniambia, mdogo wangu, sema mwanzoni, sema mara moja, sema kama unavyosema choo kiko wapi. Nikamwambia kaka si nitawakimbiza? Akasema wa kukimbia atakimbia tu hata usiposema, bora akimbie mapema kabla hujachoka.

Kwa hiyo sasa nasema mwanzoni kabisa, baada ya kusema tutatembea umbali gani na wapi tutapumzika, nasema hii tua hailipiwi mbele, mwisho kila mtu anatoa anachoona inastahili, nalipwa kwa hiyo tu, anayetaka kulipa kwa simu au kadi inawezekana. Sentensi moja. Mwisho nakumbusha tena kwa maneno machache nawageuzia mgongo kidogo nafunga mwavuli, wanakuja mmoja mmoja. Kufunga mwavuli ni muhimu jamani, usisimame umewakodolea macho mkono umekinga. Na hiyo ya simu na kadi usiichukulie poa, watu hawatembei na noti tena, nimewahi kuona mtu anaona aibu ya kweli, anapekua begi zima, anataka kutoa na hana cha kutolea.

Nikiri pia, wapo wageni ambao hii habari yote inawachosha. Mtu anasema mimi nipe bei, nilipe, niache kuwaza kwamba nimetoa kidogo au nimetoa kama mjinga. Ana haki. Mtu wa hivo mwelekeze kwenye tua ya kulipia, kama unayo yako mwenyewe uza hapohapo. Wengi wetu tunafanya hivo, asubuhi ya bure, jioni ya kulipia yenye kundi dogo, na wale wa jioni wengi wanatoka kwa wale wa asubuhi maana wameshakuona mbuzi meno. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sisi bahati mbaya kazi yetu ndo kutembeza, ila nafikiri mnanielewa.

Kuhusu ukubwa wa kundi, hapa nina ugomvi na wenzangu. Makato ni ya kichwa na tipu ni ya kichwa kwa hiyo kishawishi ni kujaza, watu 35, 40, unapiga kelele kwenye kipaza sauti. Miji imeanza kuchoka. Amsterdam tangu 2020 makundi ya katikati ya mji hayaruhusiwi kuzidi watu 15, na kupitisha makundi mbele ya yale madirisha ya taa nyekundu wanapokaa makahaba walipiga marufuku kabisa. Venice mwaka 2024 wakaweka mwisho watu 25 na vipaza sauti wakavikataza. Wenyeji wanaoishi mule ndani nao ni watu, wana watoto wanaolala mchana. Na ukiacha sheria, mgeni mwenyewe anaisoma rivyuu inayosema "tulikuwa wengi sikusikia kitu" anakuruka palepale. Mimi nimeweka mwisho 18 kwenye mipangilio. Ikijaa inaandika imejaa, na niwaambie kitu, ile "imejaa" ya Jumamosi ndo inayojaza Jumapili. Kabla ya yote hayo lakini ulizia leseni, kuna miji na nchi ambazo huruhusiwi kuongoza watu bila kibali cha muongozaji, hata kama unaita ni bure na hata kama jukwaa limekukubalia kujisajili. Jukwaa halitakuja kukulipia faini.

Na kama wewe ni msafiri tu umesoma mpaka hapa, nitakwambia namna mimi ninavyochagua nikienda kutembea miji ya watu. Naanzia rivyuu za miezi miwili mitatu ya karibuni, za zamani siziangalii maana muongozaji anachoka kama mtu mwingine. Naangalia analalamikiwa nini. Naangalia kundi lina mwisho wa watu wangapi. Nikiona mahali wamelalamika kupelekwa dukani, naacha. Alafu nikibuku na nikabadili mawazo nakanseli usiku uleule, maana najua kuna mtu mahali fulani ameshahesabu kichwa changu.

Sijamaliza na ile picha. Miezi michache iliyopita nilinyoa ndevu zote, nilizifuga miaka na ndizo zilizoko kwenye profaili. Sikuwaza kitu. Jumamosi nimesimama kwenye kona yangu, naona mume na mke wamesimama ng'ambo kama hatua ishirini, wanaangalia huku, wanaangalia simu, wanaangalia huku. Nikapunga mkono. Wakageuza macho pembeni haraka kama unavyomkwepa mtu anayetaka kukuuzia kitu. Simu yangu ikalia mfukoni, ni meseji kutoka kwao, "tumefika, mbona hatukuoni?" Nikawajibu, "ni mimi ninayewapungia, nimenyoa". Walisoma, wakanitazama tena, wakaanza kuvuka barabara taratibu, yule mume bado ameshika simu mbele yake kama kipimo. Usiku ule kabla ya kula nilimwomba mdogo wangu anipige picha mpya.